Jinsi ya Kutafuta, Kutambua na Kutunza Gramafoni za Kale: Mwongozo kwa Wakusanyaji wa Mtwara na Lindi

Gramafoni nyingi ambazo bado zimo katika nyumba za kale za Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje hazina tarumbeta. Zimefichwa ndani ya sanduku jeusi lenye mkono wa kubebea, sanduku limewekwa juu ya kabati au chini ya kitanda, na mara nyingi wenye nyumba hudhani kuwa mna nguo au karatasi za marehemu. Mkusanyaji mgeni hulipita sanduku hilo kwa sababu macho yake yanatafuta tarumbeta kubwa la shaba, kisha akifika Dar es Salaam huuziwa tarumbeta hilo kwa fedha nyingi, ilhali limeunganishwa miaka ya karibuni kwa vipuri vya mashine tatu tofauti. Mwongozo huu umeandikwa ili msomaji ajifunze kuitambua gramafoni kwa vipuri vyake, kimoja baada ya kingine, kabla hajaamini umbo lake wala nembo iliyobandikwa juu yake.

Hatua ya kwanza: Fahamu zilifikaje na zitafutwe wapi

Hizi zilikuwa bidhaa za bei, kwa hiyo zilikwenda mahali palipokuwa na maduka, mishahara au misheni. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya Mtwara kushika nafasi hiyo, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliokuwa na maduka pale na Mikindani walikuwa na uhusiano wa karibu na Bombay, mji wa India ambao santuri nyingi za Kiswahili zilipitia. Baadaye ulikuja mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ambao ulileta wageni wengi Nachingwea pamoja na mizigo yao. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake, na reli hiyo ikafungwa mwaka 1962. Wageni walipoondoka, vitu vizito na vile visivyo na thamani kubwa kwao viliuzwa au vikaachwa kwa wapishi, makarani na mafundi. Ndiyo maana sanduku la gramafoni linaweza kuonekana Nachingwea au Masasi katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuwa tajiri.

Anza kwa kuuliza wazee, na uulize kwa upole. Ukisema unatafuta vitu vya kale, wengi watadhani unatafuta fedha za Kijerumani au unawinda hazina, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza badala yake nani alikuwa akipiga santuri wakati wa harusi au sikukuu, santuri zake zilikwenda wapi, na fundi gani alikuwa akizitengeneza mashine. Mafundi cherehani na mafundi saa ni watu wa kutembelewa mapema, kwa kuwa ndio waliokabidhiwa mashine hizi zilipoharibika, na baadhi yao bado wana kopo lenye hendeli (mikono ya kujazia springi), skrubu na visanduku vya sauti, vile vya duara vinavyoshika sindano, ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua.

Hatua ya pili: Zijue jamii nne

Ya kwanza na ya zamani zaidi ni mashine ya silinda. Thomas Edison alibuni fonografu yake mwaka 1877, ikitumia karatasi ya bati, na baadaye silinda za nta zikachukua nafasi hiyo. Silinda ya kawaida ina urefu wa sentimita 11 hivi na ni tupu katikati. Ukipata mashine ya Edison, kama vile Standard, Home au Gem, tazama kifaa chake cha kutolea sauti: kilichoandikwa herufi C husoma silinda za dakika 2, chenye H husoma za dakika 4, na chenye K husoma zote mbili. Silinda za dakika 4 zilianza kuuzwa mwaka 1908, kwa hiyo mashine isiyo na gia ya dakika 4 huenda ilitengenezwa kabla ya hapo. Ncha yake ni ya yakuti au almasi na haibadilishwi kama sindano ya chuma. Anayejaribu kuipachika sindano ya chuma juu ya silinda ataichimba nta yote. Kusini hizi ni adimu sana, na sitazizungumzia zaidi.

Ya pili ni gramafoni ya santuri bapa yenye tarumbeta la nje. Aliyeileta duniani ni Emile Berliner, aliyepata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1887. Ya tatu ni ile ambayo tarumbeta lake limekunjwa ndani ya kabati, na sauti hutoka kupitia milango midogo au wavu wa mbele. Kampuni ya Victor ya Camden, New Jersey, iliyoanzishwa mwaka 1901, ilianza kuuza aina hiyo mwaka 1906 kwa jina la Victrola, na Columbia ikaita yake Grafonola. Watu wengi huita kila kabati la gramafoni Victrola, lakini jina hilo ni la Victor peke yake.

Ya nne ni gramafoni ya kubebeka, na hii ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi, kwa hiyo ndiyo ya kuisoma kwa bidii. Decca ilitoa yake mwaka 1914, na wanajeshi wa Uingereza waliibeba hadi kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alama yake ni bakuli la chuma ndani ya kifuniko, ambalo hurudisha sauti mbele. HMV, yaani His Master's Voice, ilitoa modeli 101 mwaka 1925, kisha modeli 102 mwaka 1931, na hii ya pili iliendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Columbia nayo ilikuwa na zake nyingi. Mwaka 1931 huohuo Columbia ya Uingereza na kampuni ya Gramophone, mwenye nembo ya HMV, ziliungana na kuwa EMI. Zaidi ya hizo kulikuwa na masanduku mengi yasiyo na jina maarufu, yaliyounganishwa na wafanyabiashara wadogo kwa mota zilizonunuliwa kutoka Garrard na Collaro za Uingereza, au Thorens na Paillard za Uswisi. Kwa hiyo neno Garrard likiwa kwenye mota haliifanyi gramafoni nzima kuwa ya Garrard.

Hatua ya tatu: Andaa vifaa vya ukaguzi

Beba tochi, kioo kidogo cha mkono, sumaku, bisibisi bapa za ukubwa mbalimbali, brashi laini ya rangi, kitambaa cha pamba, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, daftari na simu yenye kamera. Beba pia sindano mpya za chuma kama unazo, pamoja na santuri moja isiyo na thamani ya kujaribia. Bisibisi ya nyota iache nyumbani, na sababu yake utaiona hivi karibuni.

Hatua ya nne: Kagua nje kabla ya kugusa ndani

Tafuta kibati cha kiwanda. Kwenye Victor kipo juu ya ubao wa mota au ndani ya kabati, kikiwa na modeli kama VV-IV au VV-XI pamoja na namba ya mashine. Mashine nyingi za Marekani zina orodha ya tarehe za hataza, na wauzaji hupenda kuionyesha tarehe ya kwanza kwa sababu ndiyo ya kale zaidi. Tarehe yenye maana kwako ni ya mwisho: mashine haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya hiyo, ingawa inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baadaye.

Kisha zitazame skrubu. Skrubu zenye mfuo wa nyota zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo zikionekana kwenye mashine inayodaiwa kuwa ya 1910, ama imetengenezwa tena au imeunganishwa upya. Skrubu bapa ambazo vichwa vyake vimeharibika huonyesha kwamba fundi ameshaifungua, jambo ambalo si kosa, lakini linakutaka ukague kila kipuri kwa makini zaidi. Tazama pia matundu ya skrubu yasiyotumika kwenye ubao wa mota. Tundu tupu kando ya mkono wa sauti, ule unaobeba kisanduku cha sauti, karibu kila mara lina maana kwamba mkono wa sasa si ule uliotoka nao kiwandani.

Kwa sanduku la kubebeka, kagua pembe za chuma, kufuli, bawaba na mkono wa kubebea. Modeli 101 za mwanzo zina tundu la hendeli upande wa mbele, na za baadaye zina tundu hilo ubavuni. Kwa pwani yetu kuna ukaguzi wa ziada ambao miongozo ya Ulaya haina haja nao: geuza sanduku uangalie chini yake kama kuna njia za mchwa, na ubonyeze pembe za mbao kwa kidole gumba. Gundi ya ngozi iliyotumiwa zamani hulegea kwa unyevu, na sanduku linaloonekana zima juu ya meza linaweza kuachana chini mara tu ukilinyanyua kwa mkono wake. Kwa sababu hiyo linyanyue daima kwa kulishika chini.

Hatua ya tano: Kisanduku cha sauti

Kama una muda wa kukagua kipuri kimoja tu, kagua hiki. Kisanduku cha sauti ni kile cha duara kilicho mwisho wa mkono wa sauti, kinachoshika sindano. Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri hutikisika, mtikisiko hupandishwa na wenzo mdogo hadi kwenye utando, na utando huisukuma hewa iliyomo ndani ya mkono na tarumbeta. Hakuna umeme wowote. Sauti yote unayoisikia imetoka kwenye utando huo wenye upana wa vidole vichache.

Utando wa mashine za zamani ni wa ulanga, yale madini yanayotoka kwa matabaka na kupitisha mwanga. Kisanduku cha Victor na HMV kiitwacho Exhibition ni cha aina hii, na jina lake limechongwa usoni. HMV namba 4, ambacho hupatikana kwenye modeli 101, nacho ni cha ulanga. Baada ya mwaka 1925, mwaka ambao santuri zilianza kurekodiwa kwa maikrofoni na umeme, viwanda vilihitaji utando wenye uwezo wa kutoa sauti nzito na nyembamba kwa pamoja, ndipo utando wa alumini ukaenea. Kwenye modeli 102 kisanduku kilichozoeleka kimeandikwa 5A au 5B, na utando wake ni wa alumini. Basi ukikuta 102 yenye Exhibition, ujue kisanduku kimetoka kwenye mashine nyingine. Mashine itapiga, lakini bei yake haipaswi kuwa ya mashine kamili.

Kikague hivi. Kiondoe kwenye mkono kwa kukizungusha taratibu, huku mkono wa pili ukiushika mkono wa sauti usiyumbe. Kipeleke penye mwanga wa dirisha ukitazame utando kwa pembe: ulanga ulioanza kuachana matabaka huonyesha mawingu meupe au rangi za upinde wa mvua kandokando, na alumini iliyobonyezwa huonyesha kishimo. Gusa kwa ukucha raba inayouzunguka utando. Inapaswa kubonyea, lakini joto la pwani huigeuza kuwa ngumu na yenye kupasuka, na hapo sauti hutoka ikikwaruza hata kama kila kitu kingine ni kizima. Mwisho, piga kidogo kwa ncha ya kidole pale sindano inapochomekwa. Kisanduku kizima hutoa mlio mkavu ulio wazi, na kilicholegea huzizima au kugonga.

Tahadhari moja hapa ina uzito. Visanduku vingi na vitako vya mikono ya sauti vilitengenezwa kwa aloi ya zinki ambayo, kwa kuzeeka, huvimba na kufanya nyufa nyembamba. Chuma kilichovimba hakirudi. Kikikwama usikilazimishe kwa koleo, wala usikubali muuzaji akuonyeshe kwamba hutoka kwa nguvu, maana kitakachotoka ni vipande.

Hatua ya sita: Mota

Mota ya gramafoni hufanya kazi kama saa ya kujaza: springi ndefu iliyosokotwa ndani ya kopo la chuma hujazwa kwa hendeli, nguvu yake hupitia gia, na gavana huzuia isitoke yote kwa mara moja. Gavana ni mhimili mwembamba wenye vipande vitatu vya uzito vilivyofungwa kwa springi bapa. Mhimili unapozunguka kasi, vipande hupanuka, huvuta kisahani, na kisahani hukutana na kipande cha ngozi au cha sufi laini kinachopunguza mwendo.

Ujaribu kwa hendeli, lakini usiijaze mpaka mwisho. Mizunguko michache inatosha. Mkono wako uwe tayari, kwa sababu kama meno ya kuzuia yameisha, hendeli itarudi nyuma kwa nguvu mara tu utakapolegeza, na inaweza kuumiza kifundo. Hendeli ikizunguka bila upinzani wowote, springi imekatika au imetoka kwenye ndoano yake. Ikiwa na upinzani mzuri, fungua breki na usikilize. Mlio wa taratibu na wa namna moja ni wa kawaida. Mshindo mzito unaorudi kila baada ya muda unatoka ndani ya kopo la springi, ambamo grisi ya zamani imekauka na springi inaachia kwa kuruka badala ya kuteleza; mota hiyo inaponyeka kwa kusafishwa. Mwendo unaopanda na kushuka unatoka kwa gavana, mara nyingi kwa springi bapa iliyopasuka au kwa ngozi iliyokauka, na tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ngozi hiyo huweza kumaliza tatizo.

Pima mwendo kwa kuweka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri kikiwa kimechomoza, kisha hesabu kinavyopita mbele yako. Mizunguko 26 katika sekunde 20 ni sawa na 78 kwa dakika, na karibu na sahani inayozunguka chini ya santuri utakuta kidhibiti chenye alama za kuongeza na kupunguza.

Kopo la springi usilifungue mwenyewe. Springi za gramafoni nyingi za kubebeka zina upana wa sentimita 2 na nusu hivi na urefu wa mita kadhaa, na zinapotoka bila kushikwa hukata kama panga. Fundi anayezijua huimaliza nguvu yote kwanza, huvaa glavu nene, na huitoa springi kidogo kidogo kutoka katikati. Fundi anayekwambia kwamba kazi hiyo haina hatari ni wa kukwepwa.

Hatua ya saba: Mashine za kuunganishwa

Tarumbeta la shaba linalong'aa juu ya kisanduku cha pembe sita au nane, likiwa na picha ya mbwa, ndilo linalowaliza wengi. Mashine hizi zilitengenezwa kwa wingi India katika miongo ya karibuni kwa ajili ya watalii na mapambo, na zimetawanyika duniani kote. Mbao zake mpya zimepakwa rangi nzito ili zionekane kuukuu, lakini kilichomo ndani ni mota ndogo iliyotolewa kwenye gramafoni ya kubebeka, na mkono wake wa sauti pia umetoka huko. Picha ya mbwa Nipper, iliyochorwa na Francis Barraud na kununuliwa na kampuni ya Gramophone mwaka 1899, ndiyo nembo rahisi zaidi ya kuigiza, kwa hiyo isikushawishi kwa lolote.

Lipime tarumbeta kwa sumaku, lakini usiishie hapo. Matarumbeta mengi ya asili yalikuwa ya chuma kilichopakwa rangi, nayo sumaku huyavuta. Shaba haivutwi, na yapo pia matarumbeta halisi ya shaba. Angalia unene na maungio. Bati jembamba linalobonyea kwa kidole, maungio yaliyochomelewa ovyo, kiwiko kinene chenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho, bati la nyuma lililokatwa kwa mkono, sahani ndogo yenye sufi ya rangi kali na skrubu za nyota: mambo haya yakikutana mahali pamoja, jibu unalo. Kama unataka pambo la sebuleni, nunua kwa bei ya pambo. Kosa la kweli ni lile la kununua gramafoni nzima ya kubebeka, tuseme 102 isiyo na kasoro, halafu kuivunja ili tarumbeta jipya lipate mota, jambo ambalo limeangamiza mashine nyingi kuliko mchwa.

Matengenezo ya kienyeji ni jambo jingine. Hendeli iliyofuliwa na mhunzi wa Newala, au kipande cha mpingo kilichochongwa vizuri kuziba pembe iliyovunjika, ni sehemu ya maisha ya mashine hiyo. Mimi huviacha na kuviandika. Hendeli ya asili, ukiipata, iweke kwenye mfuko wake kando.

Niliwahi kufunguliwa sanduku la aina hiyo barazani Mikindani. Nilipomwamkia bibi mwenye nyumba, "Shikamoo bibi," aliitikia, "Marahaba mwanangu, fungua wewe, mikono yangu haina nguvu." Hendeli ilikuwa imeviringishwa ndani ya kipande cha kanga na kufungwa kwa uzi. Kwenye kikombe kidogo cha sindano mlikuwa na sindano zilizoshikana kwa kutu pamoja na senti tano ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati. Mjukuu wake aliharakisha kutaja bei, bibi akamnyamazisha kwa jicho. Nilipiga picha za kibati na kisanduku cha sauti, nikaandika namba, nikamwonyesha mjukuu jinsi ya kuachia springi ipumzike, na sanduku likarudi chini ya kitanda. Taarifa hizo zimekuwa na faida kwangu kama ambavyo mashine yenyewe ingekuwa: kisanduku cha sauti cha pale kilinisaidia kutambua kingine nilichokikuta Lindi kikiwa peke yake ndani ya kopo la misumari.

Hatua ya nane: Santuri

Santuri za mashine hizi ni za shelaki, ni nzito, na huvunjika zikiangushwa. Ya inchi 10 huchukua dakika 3 hivi kila upande. Santuri laini za plastiki za mizunguko 33 na 45, zilizoanza mwaka 1948 na 1949, zisiwekwe kamwe kwenye gramafoni ya sindano ya chuma, kwa kuwa uzito wa kisanduku cha sauti utazikwangua kwa mara ya kwanza tu. Kuna aina nyingine mbili za kuchunga: santuri nene za Edison, zenye unene wa milimita 6 hivi, na zile za kale za Pathé, ambazo mifereji yake hupanda na kushuka badala ya kwenda kushoto na kulia. Hizo zinahitaji kifaa chake maalumu.

Soma karatasi ya katikati, kisha soma maandishi yaliyochongwa kwenye ukingo usio na mifereji karibu nayo. Pembetatu ndogo baada ya namba kwenye santuri za HMV, au herufi W ndani ya duara kwenye Columbia, huonyesha kwamba imerekodiwa kwa umeme, yaani haikurekodiwa kabla ya 1925. Jina Dum Dum huonyesha kiwanda cha Kolkata, na ni la kawaida sana kwa santuri zilizofika pwani yetu. Za kutafutwa kwa bidii ni za Siti binti Saad, aliyesafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV. Baada ya hapo kampuni nyingine zilikimbilia soko la Kiswahili. Lebo za baadaye, kama Jambo ya Nairobi na Mzuri ya Mombasa, bado huonekana. Santuri ya taarabu iliyochakaa ina thamani kubwa kwetu kuliko ya dansi la London iliyo safi, hata kama soko la Ulaya litasema kinyume.

Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini kinachofuata mfereji, bila kulowesha karatasi ya katikati. Spiriti usiitumie kabisa, kwa sababu huyeyusha shelaki. Na kwa sababu hiyohiyo usiifutie mbao zenye polishi ya zamani. Badilisha sindano ya chuma kila baada ya kupiga upande mmoja. Ushauri huu huonekana wa kifahari, lakini sindano ilitengenezwa kuwa laini ili ichakae yenyewe iendane na mfereji, na ikitumika tena huwa tayari ina makali pembeni.

Hatua ya tisa: Kununua na kusafirisha

Taja kasoro zote kwa muuzaji kabla hujataja bei, ukianzia na kisanduku cha sauti. Kama familia haijakubaliana, ondoka. Baada ya malipo ya korosho, watu wengi hawana shida ya kuuza, na ni heri ununue kwa mtu ambaye hatajuta. Ukionyeshwa pia mlango wa kuchongwa, jizuie: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya zamani iliyochongwa, na haiko katika fungu moja na gramafoni.

Kabla ya safari ya basi, toa kisanduku cha sauti na ukifunge peke yake kwa kitambaa, toa sahani inayozunguka, funga mkono wa sauti usicheze, na toa hendeli. Santuri zisafirishwe zikiwa zimesimama wima, zimebanana, kila moja ndani ya bahasha yake, na uzishike mapajani mwako badala ya kuziacha kwenye buti, ambako joto huzipinda.

Hatua ya kumi: Kutunza pwani

Adui wetu ni unyevu na chumvi ya bahari. Usiweke mashine ukutani panapotazama bahari wala sakafuni. Vumbi litoke kwa brashi, kutu ya juujuu itoke kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na msasa usiguse nikeli hata mara moja, kwa sababu nikeli iliyokwanguliwa hupata kutu upesi kuliko iliyochakaa. Ndani ya sanduku weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe masika yanapoanza. Fungua kifuniko siku za kiangazi ili hewa ipite, na piga santuri moja au mbili kila mwezi, kwa sababu mafuta yanayotembea hayagandi.

Katika daftari andika mahali mashine ilipotoka, jina la kibati, namba, aina ya kisanduku cha sauti, jina la mota, skrubu zilizobadilishwa na kila ulichokitengeneza, pamoja na tarehe. Piga picha upande wa chini wa ubao wa mota kila unapoufungua. Na usiku, kabla ya kufunga kifuniko, iachie mota izunguke mpaka isimame yenyewe, kwa kuwa springi inayolala ikiwa imejazwa ndiyo inayokatika.